Hesabu ya Kiharusi Kati ya Hai na Dar es Salaam

Kiharusi ni maradhi yanayojulikana kwa jina katika kila mji na kila kijiji cha Afrika Mashariki, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni watu wangapi wanaopatwa nacho kila mwaka, wala kama mkazi wa mjini yumo katika hatari kubwa kuliko mkulima wa mlimani, kwa kuwa majibu ya maswali hayo hayakuwamo hospitalini, mahali ambapo watafiti wa tiba huanza kuyatafuta. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi majibu hayo yalivyotafutwa nchini Tanzania, hasa katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika Jiji la Dar es Salaam, na yanagusa pia suala la taarifa za afya, yaani kumbukumbu zinazoandikwa kuhusu ugonjwa, matibabu na kifo cha mtu, kwani ujuzi uliopo juu ya kiharusi katika eneo hili umetokana na daftari na kalamu kuliko ulivyotokana na mashine za kupiga picha ubongo.

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wake, ilhali hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote inayovutwa, na kwa kuwa hauna akiba ya maana ya chakula wala ya hewa, seli zake huanza kufa dakika chache baada ya damu kukatika. Damu hukatika kwa njia kuu mbili: mshipa unaweza kuzibwa na donge la damu lililoganda papo hapo au lililosafiri kutoka moyoni au shingoni, au mshipa unaweza kupasuka na damu ikavujia ndani ya ubongo au katika nafasi iliyo kati ya tando zinazouzunguka. Shirika la Afya Duniani, tangu miaka ya 1970, limekifafanua kiharusi kuwa ni dalili za ghafla za hitilafu katika sehemu ya ubongo, zinazodumu kwa zaidi ya saa 24 au zinazoishia katika kifo, bila sababu nyingine inayoonekana isipokuwa hitilafu ya mishipa ya damu. Ufafanuzi huo una faida moja kubwa, nayo ni kwamba hauhitaji mashine, kwa maana mtu yeyote aliyefunzwa anaweza kuutumia akiwa ameketi kando ya kitanda cha mgonjwa, akitazama mdomo uliokwenda upande, mkono usionyanyuka na ulimi uliokuwa mzito ghafla. Una upungufu mmoja pia, kwani hautenganishi mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka, na tofauti hiyo si ndogo hata kidogo, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge la damu, ambayo humfaa mgonjwa wa aina ya kwanza ikiwa atachomwa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, inaweza kumuua mgonjwa wa aina ya pili.

Kwamba damu iliyovuja ubongoni ndiyo chanzo cha baadhi ya vifo vya ghafla ni jambo lililoandikwa mwaka 1658 na tabibu wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, baada ya kuwapasua marehemu na kuona kwa macho. Hata hivyo kuona chanzo ndani ya maiti moja ni jambo tofauti na kujua jinsi ugonjwa ulivyoenea miongoni mwa watu, na mfano ulio wazi zaidi wa tofauti hiyo unapatikana nchini Japani. Katika miaka ya 1950 vyeti vya vifo vya nchi hiyo vilionyesha kwamba waliokufa kwa mshipa wa ubongo kupasuka walikuwa zaidi ya mara 12 ya waliokufa kwa mshipa kuziba, uwiano ambao wataalamu wa nchi nyingine waliutilia shaka, wengine wakidhani kuwa madaktari wa Japani walikuwa wakiandika kwa mazoea. Chuo Kikuu cha Kyushu kiliamua kutobishana kwa maneno, na mwaka 1961 kikaanzisha utafiti katika mji mdogo wa Hisayama, ambao wakazi wake wenye umri wa miaka 40 na zaidi walifuatiliwa mmoja mmoja, na walipofariki familia ziliombwa ruhusa ya uchunguzi wa maiti. Takriban robo tatu ya marehemu walichunguzwa, kiwango ambacho ni nadra sana kufikiwa mahali pengine duniani, na uchunguzi huo ulibainisha kwamba mishipa iliyoziba ilikuwa mingi kuliko vyeti vilivyodai. Maelfu ya vyeti yalikuwa yamejazwa kwa utaratibu, yakatiwa sahihi na kuhesabiwa, na bado picha iliyotokea ilikuwa na kasoro. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayeamini kwamba wingi wa data unatosha kuleta ukweli.

Katika nchi nyingi za Afrika tatizo halikuwa vyeti vyenye makosa, bali vyeti vyenyewe kutokuwepo. Hospitali inaweza kutoa idadi ya wagonjwa wa kiharusi waliolazwa, na nchini Tanzania idadi hiyo huingizwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo kila muuguzi na kila mganga wa zahanati anavifahamu kwa ukubwa wake na kwa wingi wa safu zake. Vitabu hivyo vinafaa kwa kazi ya kuagiza dawa na kupanga watumishi, lakini haviwezi peke yake kueleza ukubwa wa ugonjwa, kwa sababu vinamwandika aliyefika tu. Aliyeanguka shambani akafa usiku huohuo hayumo, aliyepelekwa kwa mganga wa jadi hayumo, na bibi wa miaka 80 ambaye wanawe walikubaliana asisumbuliwe kwa safari ya gari naye hayumo. Isitoshe, hospitali haijui kwa hakika inahudumia watu wangapi. Kwa lugha ya hesabu za sehemu, ina kiasi bila asili, na sehemu isiyo na asili haisomeki.

Hata idadi ya watu walio hai inaweza kumpotosha mtu. Uchunguzi uliofanyika Hai kuhusu watu wanaoishi na ulemavu uliotokana na kiharusi ulionyesha kwamba watu hao walikuwa wachache wakilinganishwa na idadi iliyojulikana katika nchi tajiri, na msomaji wa haraka angeweza kuhitimisha kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu ambao haujamfikia mkulima wa kahawa na ndizi. Lakini uchache wa wanaoishi na ugonjwa una maelezo mawili yanayowezekana, ama wanaoupata ni wachache, ama wanaoupata hawaishi muda mrefu, na idadi ya walio hai pekee haiwezi kuamua maelezo yapi ni ya kweli. Ilibidi kuhesabu vifo.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1992 chini ya mradi uliojulikana kwa kifupi cha AMMP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ukiwa na maeneo matatu yaliyochaguliwa kwa makusudi: sehemu ya Dar es Salaam iliyowakilisha mji, Hai iliyowakilisha kijiji chenye nafuu ya kipato, na Morogoro Vijijini iliyowakilisha kijiji maskini. Katika kila eneo wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kufanya sensa, wakaandika majina, umri na jinsia ya kila mkazi, na sensa hiyo ikarudiwa mara kwa mara ili waliozaliwa, waliohamia, waliohama na waliofariki wajulikane. Hivyo ndivyo asili ya hesabu ilivyopatikana, kwa miguu, na kwa uvumilivu wa wenye nyumba waliokubali kuulizwa maswali yaleyale mwaka hadi mwaka.

Kwa kuwa wengi wa marehemu walifia nyumbani bila daktari kuwaona, chanzo cha kifo kilitafutwa kwa njia inayoweza kuitwa uchunguzi wa kifo kwa mahojiano, ambapo mtumishi wa afya aliyepewa mafunzo humtembelea ndugu aliyemuuguza marehemu na kumwuliza maswali yaliyopangwa kwenye fomu. Je, marehemu alikuwa mzima kabla ya kuanguka? Upande mmoja wa mwili ulilegea? Alishindwa kusema, au alisema maneno yasiyoeleweka? Alikuwa na homa, au shingo iliyokakamaa? Aliwahi kuambiwa kwamba ana presha, na kama aliambiwa, alikuwa akimeza dawa? Zilipita siku ngapi kati ya kuanguka na kufariki? Fomu iliyojazwa hupelekwa kwa madaktari ambao huisoma kila mmoja peke yake na kuandika chanzo anachokiona, na wasipokubaliana huitwa mwingine wa kuamua. Swali la homa na shingo haliulizwi bure, kwani malaria kali na homa ya uti wa mgongo vinaweza kumpoozesha mtu au kumzimisha fahamu kwa namna inayofanana na kiharusi. Njia hii haiwezi kutenganisha mshipa ulioziba na uliopasuka, na wapo wataalamu wanaoidharau kwa sababu hiyo. Lakini dharau hiyo haina msingi, kwa sababu mbadala wake mahali pale ulikuwa ni kutojua chochote.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2000. Katika miaka mitatu ya ufuatiliaji vilirekodiwa vifo 11,975, na kati yake 7,629 vilikuwa vya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Miongoni mwa hao 421, yaani asilimia 5.5, walikufa kwa maradhi ya mishipa ya damu ya ubongo. Uzito wa habari haukuwa katika asilimia hiyo, ambayo inaonekana ndogo kwa kuwa enzi hizo UKIMWI na malaria vilikuwa vikiua watu wengi, bali ulikuwa katika umri wa waliokufa. Kwa watu wenye umri wa kati ya miaka 15 na 64, na baada ya tofauti za umri kusawazishwa, vifo vya kiharusi kwa wanaume vilikuwa 65 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka mjini Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro Vijijini, na kwa wanawake vilikuwa 88, 33 na 27, wakati huko Uingereza na Wales, kwa takwimu za mwaka 1993, vilikuwa 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake. Mwanamke wa Dar es Salaam aliye katika umri wa kufanya kazi na kulea alikuwa, kwa hesabu hiyo, na hatari ya kufa kwa kiharusi iliyozidi mara kumi ile ya mwenzake wa Uingereza, na hata mwanamke wa Morogoro Vijijini, eneo maskini kuliko yote matatu, aliizidi ile ya Uingereza mara tatu. Uchache wa wenye ulemavu kule Hai ukawa umepata tafsiri yake.

Watafiti waliona kwamba mtuhumiwa wa kwanza ni shinikizo la damu lisilotibiwa, na walikuwa na sababu. Uchunguzi mwingine uliofanywa katika miaka ya 1990 eneo la Ilala jijini Dar es Salaam na katika kijiji kimoja mkoani Kilimanjaro ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima wa kila eneo walikuwa na shinikizo lililofikia au kuzidi kipimo cha 140 kwa 90, kwamba chini kidogo ya asilimia 20 ya wenye hali hiyo ndio waliojua kuwa wanayo, kwamba takriban asilimia 10 walikuwa wakipata matibabu, na kwamba wale ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika hata asilimia 1. Takwimu hiyo ya mwisho ni nzito kuliko nyingine zote zilizotajwa, kwani dawa za kushusha shinikizo zilikuwa zimekuwapo duniani kwa miongo kadhaa, na baadhi yake ni za bei nafuu.

Hatua iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni kuwahesabu waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza, wawe wamekufa au wako hai. Hiyo ndiyo inayoitwa hesabu ya matukio mapya, na kuipata kunahitaji kwamba mtu anapoanguka katika kitongoji chochote habari imfikie mtafiti mapema. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 mradi wa TSIP, ukiongozwa na Richard Walker wa Uingereza akiwa pamoja na madaktari wa Tanzania, wakiwamo Ferdinand Mugusi na Mark Swai, uliwatumia wapelelezi wa kijamii waliokuwa wakiishi katika maeneo yenyewe, ukashirikiana na hospitali na vituo vya afya, na kwa waliokufa kabla ya kufikiwa ukatumia tena uchunguzi wa kifo kwa mahojiano. Eneo la Hai lilikuwa na watu 159,814 na lile la Dar es Salaam watu 56,517, na katika miaka hiyo mitatu viliandikwa viharusi 636.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu matokeo ya utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2010, yanaonyesha jinsi takwimu ileile inavyoweza kusema mambo mawili. Ukigawanya idadi ya viharusi kwa idadi ya watu bila kufanya jambo jingine, Hai inapata viharusi 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka na Dar es Salaam inapata 107.9, tofauti ambayo mtu angeweza kuipuuza. Lakini Dar es Salaam ni jiji la vijana waliokuja kutafuta maisha, ilhali Hai imebaki na wazee wengi ambao watoto wao ndio hao waliokwenda mjini, na kiharusi huongezeka kwa kasi kadiri umri unavyopanda. Kulinganisha maeneo hayo mawili moja kwa moja ni sawa na kulinganisha ajali za madereva wa kila siku na za watu wanaoendesha gari wakati wa sikukuu tu. Kwa hiyo wataalamu hufanya kinachoitwa kusawazisha umri, yaani hukadiria idadi ya viharusi ambayo kila eneo lingekuwa nayo kama mchanganyiko wa umri wa watu wake ungekuwa ule wa kipimo kimoja kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Baada ya kusawazisha, Hai ilipata 108.6 na Dar es Salaam ikapata 315.9. Tofauti iliyokuwa imefichwa na ujana wa jiji ikadhihirika kuwa karibu mara tatu.

Kiwango hicho cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vikubwa vilivyowahi kupatikana kwa utafiti wa aina hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo kinapaswa kusomwa kwa uangalifu. Wazee wa jiji walikuwa wachache katika eneo la utafiti, na kusawazisha umri huwapa wachache hao uzito mkubwa, kiasi kwamba viharusi vichache zaidi au pungufu kwa watu wa miaka 75 vingeweza kuisogeza takwimu nzima. Watafiti wenyewe waliweka mipaka ya makadirio yao, kati ya 281.6 na 352.3 kwa Dar es Salaam na kati ya 89.0 na 130.9 kwa Hai, na kwa kuwa mipaka hiyo iko mbalimbali kabisa, si rahisi kudai kwamba tofauti iliyoonekana ni ya kubahatisha tu. Swali lililobaki ni la chanzo, na swali hilo lina fumbo ndani yake, kwa sababu, kama ilivyoelezwa, shinikizo la damu lilikuwa limeenea karibu sawa mjini na kijijini. Utafiti uliofuata wa kuwalinganisha wagonjwa na majirani wasio wagonjwa, uliochapishwa mwaka 2013, ulitaja pamoja na shinikizo la damu maradhi ya moyo ya awali, uvutaji wa sigara, uwiano mbaya wa mafuta katika damu na maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Hilo la mwisho halipewi nafasi kubwa katika vitabu vya kiharusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya, na huenda lisingeonekana kama watafiti wangeridhika kuazima orodha ya visababishi kutoka nje.

Afrika Magharibi nayo imetoa ushahidi wake. Mtandao wa utafiti wa SIREN, unaoongozwa na Mayowa Owolabi wa Ibadan, uliwalinganisha wagonjwa 2,118 wa Nigeria na Ghana na idadi kama hiyo ya watu wasio na kiharusi, na matokeo yake ya mwaka 2018 yaliweka shinikizo la damu mbele ya visababishi vingine vyote kwa umbali mkubwa, likifuatiwa na vingine kama mafuta mabaya katika damu, kisukari, unene wa kiuno, upungufu wa mboga za majani katika mlo na desturi ya kuongeza chumvi mezani. Chumvi ya mezani na mboga za majani ni mambo ambayo hakuna mashine ya hospitali inayoweza kuyapiga picha. Yalijulikana kwa kuuliza.

Kuuliza kulileta pia jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Utafiti ulioongozwa na Gerry Mshana na kuchapishwa mwaka 2008 uliangalia jinsi watu wa Hai na wa Dar es Salaam wanavyokieleza kiharusi na wanakokimbilia kutafuta tiba, na badala ya mwanakijiji kuonekana mshirikina na mtu wa mjini kuonekana msomi, ilikuwa kinyume chake: Dar es Salaam kiharusi kilihusishwa zaidi na mapepo na uchawi, na Hai kilihusishwa zaidi na presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Imani hizo zina athari katika tiba na katika hesabu pia, kwani mgonjwa ambaye jamaa zake wanaamini ametupiwa jini hupelekwa kwanza kwa mganga, saa 4 na nusu hupita huko, na akifariki kabla ya kufika hospitali hakuna kitabu cha MTUHA kitakachomtaja. Anayemcheka ndugu huyo kwa kuwa eti ni mjinga anasahau kwamba kiharusi humwangusha mtu aliyekuwa akicheka dakika moja iliyopita, na kwamba shinikizo la damu lililomwangusha halikumpa dalili yoyote kwa miaka kumi.

Kundi moja la wagonjwa huachwa nje ya mazungumzo ya kiharusi kwa sababu watu hudhani ugonjwa huu ni wa wazee, nalo ni la watoto wenye selimundu, ambao chembe zao nyekundu za damu hubadilika umbo na kuharibu mishipa ya ubongo. Kwa watoto hao kipo kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti kupima kasi ya damu ndani ya mishipa ya kichwa, na ikiwa kasi hiyo inafikia au kuzidi sentimita 200 kwa sekunde hatari inahesabiwa kuwa kubwa; utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulithibitisha kwamba kuwaongezea damu watoto wa aina hiyo mara kwa mara huzuia sehemu kubwa ya viharusi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, na kundi la wagonjwa lililoandikishwa na kufuatiliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tangu mwaka 2004, kwa kazi iliyoasisiwa na Julie Makani, ni hazina ya data isiyo na wenzake wengi duniani.

Hazina ya namna hiyo ina mwenyewe, na swali la nani huyo limechelewa kuulizwa. Kwa muda mrefu sampuli za damu na faili za takwimu zilisafiri kwenda vyuo vya nje, makala zikaandikwa huko, na kijiji kilichotoa taarifa hakikuambiwa matokeo. Leo utafiti wa afya nchini Tanzania unahitaji kibali cha maadili kinachoratibiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na tangu mwaka 2022 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019. Sheria hizo ni za lazima, ingawa haziondoi ugumu wote. Kufuta jina kwenye faili hakumfichi mtu ikiwa faili inasema kwamba mwanamume wa miaka 47, fundi seremala, alipatwa na kiharusi Machi katika kitongoji chenye kaya 60, kwani kila mkazi wa kitongoji hicho anaweza kumtaja kwa jina. Kwa upande mwingine, kufunga data kabisa kwa hofu ya aibu kunawanyima watafiti vijana wa Moshi, Mwanza na Dodoma nafasi ya kuzisoma upya na kuuliza maswali ambayo waliozikusanya hawakuyafikiria. Kati ya hatari hizo mbili, inayotajwa kidogo ni ya pili, na pengine ndiyo iliyosababisha hasara kubwa zaidi hadi sasa.

Hata mpangilio wa magonjwa wenyewe una athari katika kile kinachoonekana. Katika toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ambao ndio msingi wa namba zinazoandikwa kwenye taarifa za hospitali na vyeti vya vifo, kiharusi kilikuwa kimewekwa katika sura ya maradhi ya moyo na mzunguko wa damu. Katika toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi mwaka 2022, kimehamishiwa sura ya maradhi ya mfumo wa neva. Wanasayansi wa ubongo waliudai uhamisho huo kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba vifo vya ubongo vilikuwa vikihesabiwa katika fungu la moyo, na fedha za utafiti na za matibabu hufuata mafungu. Nchi zinahamia toleo jipya kwa kasi tofauti, kwa hiyo yeyote atakayelinganisha takwimu za miaka hii na za zamani atalazimika kwanza kuangalia zimetoka toleo lipi.

Yote hayo yanarudi katika kitendo kimoja kidogo ambacho kimo ndani ya uwezo wa familia, nacho ni kusajili kifo. Vifo vingi vinavyotokea nyumbani nchini Tanzania havifiki kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ila pale tu penye mirathi, pensheni au fedha za benki za kudai, na marehemu asiye na mali hupotea katika hesabu ya taifa kana kwamba hakuwahi kuugua. Basi ndugu wanaomzika mzazi au jirani aliyeanguka ghafla wanaombwa, baada ya matanga, wampeleke mmoja wao kusajili kifo hicho na kueleza kwa ukweli jinsi marehemu alivyougua, hata kama maelezo yenyewe ni ya kupooza upande mmoja na kushindwa kusema tu. Na walio hai katika nyumba hiyo, kuanzia wenye miaka 40, wapimwe presha katika zahanati iliyo karibu na waombe waandikiwe namba zote mbili.